Chuma Tunachanga, Nesi Tunamsahau

Wadau, leo sina video. Hii ni ya kusoma na ni ndefu, kwa hivyo kama uko stendi unangoja abiria ama uko foleni ya M-Pesa, kaa nayo mpaka mwisho.

Kila mtu hapa Muyeye anajua vile inaendaga. Pikipiki imeanguka, ama imegongana na probox kwa hii barabara ya Mombasa. Kesho yake asubuhi umeongezwa kwa grupu la WhatsApp. Jina la grupu ni "Tumsaidie fulani". Ndani kuna picha ya mguu umepinda, kuna picha ya eksirei iliyoshikwa dirishani, kuna namba ya kutuma pesa, na ujumbe: daktari amesema anahitaji chuma, bila chuma haingii thieta. Watu wanatuma. Hamsini, mia, mia tano. Mjomba aliye Saudia anatuma nyingi kidogo. Siku kadhaa baadaye admin anaandika, "Alhamdulillah, operesheni imeenda salama." Mikono ya dua, maua, mioyo. Halafu inaanza: fulani ameondoka. Fulani ameondoka. Mpaka jioni limebaki grupu la watu sita na shangazi mmoja asiyejua kutoka.

Mimi nasema mnaondoka mapema. Chuma kikishawekwa, kazi ndio imeanza, na hiyo kazi hakuna anayeichangia, hakuna anayeiuliza, hakuna mwanasiasa anayeiahidi. Hiyo kazi inaitwa uuguzi. Na sababu vijana wengi wa hii pwani wanatembea wakichechemea na wako na chuma cha maelfu ndani ya mguu, kwa sehemu kubwa, ni kwamba tulilipia chuma tukasahau mtu wa kukilinda.

Najua kuna mtu tayari ameshaandika kwa komenti kwamba manesi ni wakali. Tulia, nitafika hapo.

Kwanza tuelewane chuma ni nini. Kuna bati linalokazwa na skrubu juu ya mfupa. Kuna msumari mrefu unaopita katikati ya mfupa wa paja au wa muundi. Kuna ile fremu ya nje, vyuma vinatokeza kwa ngozi, mara nyingi inawekwa kama mfupa ulitoboa nje na kidonda ni kichafu. Vyote vinafanya kazi moja: kushikilia mfupa usicheze ili mwili uuunge wenyewe. Hakuna chuma kinachounga mfupa. Mfupa unajiunga, na haujui una haraka. Paja au muundi wa mtu mzima unaweza kuchukua miezi 3 mpaka 6, na hapo hakuna kilichoharibika. Thieta yenyewe? Masaa machache. Sasa piga hesabu mwenyewe: masaa machache ya daktari wa upasuaji, miezi kadhaa ya mtu mwingine. Huyo mtu mwingine ndiye tunayemfanya haonekani.

Acha niwape mfano wa watu wanaoelewa hii hesabu. Msumari wa ndani ya mfupa ulianza kutumika Ujerumani mwaka 1939 na daktari anaitwa Gerhard Küntscher. Miaka mingi ulikuwa kitu cha hospitali tajiri, kwa sababu mara nyingi thieta inahitaji mashine ya eksirei ya kuangalia papo hapo. Halafu 1999 daktari Mmarekani, Lewis Zirkle, akaanzisha shirika la SIGN. Wao wanatengeneza msumari unaoweza kuwekwa bila hiyo mashine, na wanaupeleka kwa hospitali za nchi kama zetu ili mgonjwa maskini asilipie chuma. Hapa Kenya hospitali kama Tenwek kule Bomet zimeutumia miaka mingi. Hospitali inaripoti kila mgonjwa, na ikiripoti inatumiwa misumari mingine.

Lakini sikiliza hii. Picha wanayoithamini sana si ya thieta. Ni ya mgonjwa miezi baadaye, akiwa amechuchumaa na anatabasamu. Basi. Ukiweza kuchuchumaa mpaka chini na bado unacheka, goti linakunja, mfupa umeshika, maumivu hayapo. Na kwa mtu anayetumia choo cha shimo, anayefua kwa beseni, anayeswali, kuchuchumaa ndio maisha yenyewe. Wale wanahesabu ushindi kwa mtu aliyechuchumaa. Sisi tunahesabu ushindi kwa mtu aliyelala kwa machela. Ndio maana tunashinda haraka halafu tunapoteza polepole.

Tunapotezaje? Kwa vijidudu. Kuna bakteria anaitwa stafilokokasi, anakaa kwa pua na ngozi ya watu wazima kabisa, karibu mtu mmoja kwa kila watatu. Kwa ngozi nzima hana neno. Akiingia kwa kidonda cha kawaida, mwili unapigana naye. Lakini akifika kwa chuma ni hadithi nyingine. Chuma hakina damu. Hakina askari wa mwili. Bakteria wanajishika pale, wanajijengea utando kama ule uteziteri wa ndani ya jerikeni ya maji, na wakishajifunika, dawa zinapita juu. Unameza vidonge wiki mbili, homa inashuka, unaacha, inarudi. Mwisho daktari anasema maneno ambayo hakuna familia inataka kusikia: kidonda kifunguliwe tena, kisafishwe, pengine chuma kitolewe. Mnarudi thieta. Mnarudi kuchanga. Na sasa hata wale sita wa grupu wamechoka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wazee walisema, na nina hakika kuna mzee alikuwa anaangalia kidonda.

Sasa, ufa unazibwa na nani? Hebu tuangalie usiku wa kwanza tu. Mgonjwa ametoka thieta, mguu umefungwa. Kazi ya nesi si kupita na dripu. Anagusa vidole: vina joto au baridi? Anabonyeza kucha, rangi inarudi upesi au inakawia? Anauliza unahisi nikikugusa hapa? Sogeza kidole gumba. Anatafuta mshipa unadunda. Mnaona kama anapoteza muda, kumbe anatafuta hatari moja: misuli kuvimba ndani ya mguu mpaka inajinyonga yenyewe. Dalili yake ya kwanza ni maumivu yanayozidi, hata dawa haiyatulizi. Hapo hakuna kungoja raundi ya asubuhi. Misuli ikinyimwa damu masaa kama 6 inaanza kufa, na msuli uliokufa haufufuki. Kati ya mguu kupona na mguu kupotea kuna nesi mmoja aliyepita saa nane usiku na akaamua kumwamsha daktari.

Halafu kuna mengine. Kumgeuza asipate vidonda vya mgongo. Kumfanya apumue vizuri na asogeze miguu, damu isigande. Kuangalia bandeji kama inalowa. Kuosha mikono kabla ya kugusa kidonda, na tena kabla ya kwenda kitanda cha pili, kwa sababu ule utando niliowaambia unaweza kuanzia hapo. Kumfundisha kutembea na magongo, uzito uende mikononi na sio kwapani. Kumwambia mguu huu usiukanyage mpaka daktari aseme. Kuangalia sukari ya mwenye kisukari. Kumwambia mvuta sigara ukweli kwamba moshi unachelewesha mfupa kuunga. Kumsikiliza kijana wa miaka ishirini na mbili anayelia kimyakimya kwa sababu pikipiki ni ya mkopo.

Hiyo ni kazi ya kichwa na mikono. Nesi anasomea miaka mitatu au minne, anafanya mtihani wa baraza la wauguzi, anapata leseni. Hapa kaunti yetu tunao chuo cha KMTC Kilifi na Chuo Kikuu cha Pwani, wote wanafundisha uuguzi. Kwa hivyo mtu asiniambie hatuna watu. Watu wapo. Wengine mnawajua, mmesoma nao, wana cheti ndani ya bahasha na wanauza mitumba mtandaoni wakingoja tangazo la kazi. Wengine wameondoka. Julai 2021 Kenya iliweka mkataba na Uingereza wa kupeleka wahudumu wa afya kule. Sijamlaumu aliyeenda hata mmoja, ningekuwa mimi ningeenda na begi la mkononi. Nalaumu nyumba inayofundisha watoto kupika halafu inalala njaa.

Sasa tufike kwa hao manesi wakali.

Ulishawahi kulala wodi ya upasuaji usiku? Hesabu vitanda. Hesabu na waliolala wawili wawili. Halafu hesabu manesi. Nesi mmoja akiwa na wagonjwa wengi kuliko anavyoweza kuwafikia, anachagua. Anayetoka damu kwanza, anayeshindwa kupumua wa pili, dawa za saa sita wa tatu. Wewe uliye na chuma na unaonekana umetulia, wewe ni wa mwisho. Kwa hivyo vidole havikuguswa. Bandeji haikuangaliwa. Na ukiita "sista, sista" mara ya nne anakujibu vibaya. Ni kweli amekujibu vibaya, na ni kweli haifai. Lakini sisi tunafanya nini? Tunatoa simu. Tunarekodi. Tunapandisha TikTok na muziki wa huzuni, nesi anatukanwa mpaka ukoo wake, na nyuma yake kwa video wagonjwa watatu wako uchi nusu na hawakuombwa ruhusa.

Nawaambia nyinyi mnaotengeneza kontenti, kwa sababu na mimi niko kwa hii kazi: hiyo video inamsaidia yule aliyeamua wodi iwe na nesi mmoja. Yeye yuko ofisini kwenye eisii, hayuko kwa video yako. Umemshika aliyebeba mzigo, umemwacha aliyeupanga. Mwaka 2017 manesi wa kaunti waligoma miezi 5, Juni mpaka Novemba. Miezi mitano wodi za umma zimelala. Mtu akigoma siku mbili unaweza kusema ni kiburi. Mtu akigoma miezi mitano bila kulipwa anakuambia kitu, na sisi tulikuwa bize na uchaguzi.

Mei 2024 kaunti yetu ilipopiga marufuku muguka, Malindi nzima ilikuwa na maoni. Vibarazani, kwa matatu, kwa live, hata bibi yangu alikuwa na msimamo. Vizuri. Sasa niambie, ni lini uliwahi kumuuliza MCA wako wodi ya mifupa ina manesi wangapi usiku? Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Hawa ndio wanaajiri. Hawa ndio wanaamua kati ya nesi na kitu kingine. Na wanaamua wakijua hakuna atakayeuliza.

Tuendelee nyumbani, kwa sababu huko ndiko mambo yanaharibika kabisa.

Mgonjwa anatolewa. Anapewa karatasi. Kwa karatasi kuna Kiingereza cha mkato na mwandiko kama wa kuku amekimbia. Binamu yangu alitoka hospitali moja ya hii pwani, siitaji jina, karatasi yake imeandikwa "TCA 2/52". Nyumba nzima ikakaa kikao. Mmoja akasema ni namba ya chumba, mwingine akasema ni dawa. Kumbe ni lugha yao, maana yake rudi kliniki baada ya wiki mbili. Alirudi baada ya wiki tano, nyuzi zimezama kwa ngozi, pembeni panatoa maji. Mtu ana kidato cha nne, anaendesha biashara kwa simu, anajua kusoma. Kilichoshindikana ni hospitali kuandika sentensi moja ya Kiswahili.

Na hii sio fadhila. Katiba kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Sheria ya Afya ya 2017 inasema mgonjwa aelezwe hali yake na matibabu yake, na kwa lugha anayoielewa pale inapowezekana. Hapa Malindi, Kiswahili hakiwezekani? Kigiriama hakiwezekani? Nesi anakizungumza, mgonjwa anakizungumza, karatasi peke yake ndiyo imesoma Uingereza.

Karatasi inasema pia kidonda kisafishwe kituo cha karibu. Sawa. Ukienda kituo cha karibu nesi wa pale anakutana nawe mara ya kwanza. Hajui ni chuma gani. Hajui kilitokea nini thieta. Hana namba ya wodi uliyotoka. Pengine gozi zimeisha, glavu zimeisha, unaambiwa ununue duka la dawa. Usichukulie kama simlaumu mtu: namlaumu aliyejenga ngazi za afya, zahanati, kituo cha afya, hospitali ndogo, hospitali kubwa, halafu hakuweka hata kamba ya kuziunganisha. Kutoka Malindi mpaka Mombasa ni kama kilomita 120. Mtu mwenye fremu mguuni anapanda matatu kwenda na kurudi, amelipia viti viwili ili anyooshe mguu, kwenda kuangaliwa kidonda dakika kumi. Mara ya kwanza anaenda. Mara ya pili anakopa. Mara ya tatu anasema kidonda kinaonekana sawa.

Na kuna wengine hawarudi kliniki kwa sababu waliacha deni. Wanaogopa watashikwa. Jueni hili: mwaka 2015 Mahakama Kuu ilisema wazi kwamba kumzuilia mgonjwa hospitalini kwa sababu ya bili ni kinyume cha katiba, kwa kesi ya wamama wawili waliozuiliwa Pumwani. Deni ni deni, litadaiwa kwa njia zake, lakini mwili wako si rehani. Rudi kliniki.

Sasa nani anamuuguza huyu mtu nyumbani? Hapa tuongee ukweli. Ni mama. Ni mke. Na mara nyingi ni dada mdogo, yule wa kidato cha pili, anaambiwa "wewe kaa na kaka yako wiki hii". Wiki inakuwa mwezi. Anachemsha maji na chumvi, anafungua bandeji bila glavu, anashika kitu ambacho hakuna aliyemfundisha kukishika. Kidonda kikiharibika analaumiwa yeye. Masomo yakiharibika analaumiwa yeye. Taifa zima limeokoa mshahara wa nesi kwa kumtoa msichana mmoja shuleni, na hakuna bajeti inayoandika hiyo hasara.

Najua majibu yenu. Nimeyasikia yote.

La kwanza: kaunti haina pesa. Hebu tulinganishe. Karatasi moja ya Kiswahili, maji ya chumvi ya hospitali, gozi, glavu, na nesi wa kufanya hiyo kazi. Weka upande mmoja. Upande wa pili weka operesheni ya pili, kitanda wiki kadhaa, antibayotiki kali, chuma kipya, na kijana aliyeacha kufanya kazi mwaka mzima. Kaunti ambayo haina pesa ndiyo haswa haiwezi kumudu kuacha kidonda kioze. Kukosa pesa ni sababu ya kuajiri nesi.

La pili: wagonjwa wenyewe hawasikii, wanaenda kwa wakandaji wa mifupa. Ni kweli wanaenda. Na nasema bila kupepesa macho, mguu wenye chuma haukandwi. Usiuvute, usiuchue, usipake majani kwenye kidonda wala kwenye matundu ya fremu. Lakini jiulize kwa nini mkandaji anashinda. Anakuja nyumbani. Anaongea lugha ya mama. Ukipiga simu anashika. Anakaa, anashika mguu kwa mikono yote miwili, anamwambia mgonjwa "utatembea, mwanangu". Hivyo vitu vyote, isipokuwa ule mkono unaochua, ni kazi ya uuguzi. Mzee amekuta nafasi iko wazi akaingia. Mkitaka kumtoa, jazeni nafasi. Matusi hayajazi.

La tatu: tulipe SHA, mambo yataisha. Lipa, mimi pia nakwambia lipa. Tangu Oktoba 2024 ndiyo iko badala ya NHIF, na kwa asiye na mshahara kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Lakini bima inalipa bili. Haiwezi kupita wodini saa nane usiku kugusa vidole vyako. Mtu lazima awepo.

Kwa hivyo tunataka nini? Mimi sipendi posti za kulia tu halafu kwaheri. Haya hapa matano, yapeleke popote pana MCA, popote pana kikao cha bajeti, maana katiba imetupa nafasi ya kushiriki na viti huwa vitupu.

Moja. Kila mgonjwa wa chuma atoke na ukurasa mmoja wa Kiswahili: chuma gani kimewekwa na lini, nyuzi zinatolewa tarehe gani, mguu unakanyagwa au haukanyagwi, dalili za hatari, na tarehe ya kliniki imeandikwa kama watu wanavyoandika tarehe.

Mbili. Namba moja ya simu ya wodi, inayoshikwa na nesi wa zamu, unayoweza kumtumia picha ya kidonda. Sisi tunatumiana picha za pilau, hii haitatushinda.

Tatu. Kidonda kisafishwe karibu na nyumbani, kwa sisi wa Muyeye iwe hapa hapa Muyeye, na kituo kipewe gozi, glavu na habari za mgonjwa kabla hajafika.

Nne. Wale wahamasishaji wa afya ya jamii. Septemba 2023 serikali ilizindua watu laki moja nchi nzima, wakapewa mabegi yenye vifaa, kipimajoto na kipimo cha sukari vikiwemo. Wanapita nyumba kwa nyumba. Wafundishwe dalili za chuma kilichoingia vijidudu, na nyumba yenye mgonjwa wa chuma iwe kwa orodha yao kila wiki. Na walipwe kwa wakati.

Tano. Manesi waajiriwe, ajira ya kudumu, na idadi ya manesi wa zamu ya usiku ibandikwe ukutani mwa wodi, kila mtu aione. Wodi ikijulikana ina nesi mmoja, aibu itaenda kwa mwenyewe.

Na sisi je? Sisi pia tuna kazi. Mkichanga, msichange chuma peke yake. Wekeni fungu la miezi: nauli za kliniki, gozi, mayai na maharagwe, kodi ya nyumba, ili jamaa asipande pikipiki na mfupa mbichi kwa sababu mwenye mkopo anapiga simu. Wekeni zamu, ili dada mdogo arudi shule. Na kariri hizi dalili, zisome kama unavyosoma matokeo ya mpira: usaha au maji yanayotoka, harufu, wekundu unaopanuka, joto pale kwenye kidonda, homa, maumivu yaliyokuwa yamepungua yanaanza kupanda tena, vidole baridi au vyenye ganzi, shavu la mguu kuvimba na kuuma, kupumua kwa shida ghafla. Ukiona moja, usingoje Jumatatu. Nenda. Na usimeze antibayotiki ya duka la dawa kwa kukisia, unaweza kuficha moto ndani ya nyumba.

Hata kama imepita miezi, hata kama imepita mwaka. Chuma kinaweza kuingia vijidudu baadaye sana. Mwenye chuma ni mgonjwa wa kufuatiliwa mpaka aambiwe vingine.

Mimi sina ugomvi na madaktari wa upasuaji. Wanafanya makubwa kwa vifaa vichache. Lakini sifa yote tukiwapa wao na lawama yote tukimpa nesi, tutaendelea kupata kile tunachokilipia: thieta zinazofaulu na vijana wanaochechemea.

Sasa komenti ziko wazi, na leo nataka takwimu zetu wenyewe. Kama ulilala wodi ya mifupa, au ulimlinda mtu wako pale, niandikie: usiku, vitanda vingapi, manesi wangapi? Usitaje jina la mgonjwa, usitaje jina la nesi. Namba tu. Nitazikusanya, nitaziprinti, na nitaenda nazo kikao cha bajeti. Anayekuja, tukutane huko.